Marehemu Aliyesema "Kata!"

Jumamosi, mwezi wa kumi, 2015. Louisville. Jua linawaka lakini baridi inauma.

Leo nimecheka mpaka mbavu zinaniuma, na katikati ya kicheko nimelia.

Mzee Tam nilimjua kazini kwenye depo ya mizigo, tukifunga makartoni meza moja. Miaka miwili sikujua kwamba kwao Vietnam alikuwa mwigizaji mkubwa wa sinema, halafu akawa mwongozaji, watu wakimsimamisha barabarani wamsalimie. Vita ikamtoa. Huku Amerika ameosha sahani, amechomelea vyuma, amefunga makartoni. Miaka arobaini bila kuongoza filamu!

Bon, mwaka huu amestaafu, akaandika filamu fupi: mzee mkimbizi anakufa ugenini na hakuna wa kumlilia. Yeye mwenyewe ndiye mwongozaji, na ndiye marehemu. Binti yake Linh anashika kamera. Mzee akaniomba nimtafutie watu wa kujaza msiba. Mimi na mdomo wangu nikamwambia, "Niachie mimi."

Nikaleta wamama wa kanisa letu hapa Beechmont, na dada yangu mkubwa akaja na wenzake wanne kutoka Columbus. Ukumbi tulipewa mpaka saa kumi tu. Maagizo yalikuwa mepesi: pita, weka ua, toka. Kimya kabisa, asilie mtu, kwa sababu hapo ndipo filamu inaishia.

Kosa ni langu. Nikiwapa chai, niliwasimulia maisha yote ya Mzee Tam.

Dada alifika kwenye jeneza, akamwangalia yule mzee amelala, ua likamtoka mkononi. "Yoo, papa! Unatuachia nani?" Basi. Wote wakalipuka kilio, na wimbo ukaingia.

"Kata!" akasema marehemu. Neno hilo nilimfundisha mimi.

Nani akate? Kwetu kilio hakiachwi katikati. Wimbo uishe, mtu aombe, ndiyo mnakaa. Marehemu akainua kichwa, "Kata!" Dada akamrudisha chini polepole. "Lala kwanza, papa. Hatujamaliza."

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka arobaini amengoja, na mimi nimemharibia! Saa ilikuwa tisa na nusu.

Baada ya amina, Mzee Tam alikaa ndani ya jeneza, macho yamejaa machozi. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba mama yake alikufa Saigon yeye akiwa tayari huku, na hajamlilia hata siku moja. Hajui mtu anaanzia wapi.

Nikawatafsiria wamama. Dada hakupoteza muda.

"Aliitwa nani?"

"Hoa," akajibu Mzee Tam.

Wakaanza upya, kwa jina hilo. Safari hii hakusema kata, na Linh hakuzima kamera.

Donc, basi filamu imepata mwisho mwingine. Tukala fufu na sombe ya majani ya muhogo, marehemu akaongeza mara mbili, wamama wakamcheka. Mdogo wangu wa Buffalo amenipigia amekasirika: kwa nini hakuitwa, wakati yeye analia kuliko sisi wote? Nimemwambia filamu ijayo atakufa yeye.

Lakini kinachonifanya nitabasamu peke yangu hapa jikoni ni kingine. Akivaa koti kuondoka, Mzee Tam aliniuliza kama kesho anaweza kuja kanisani.

Anataka tumfundishe ule wimbo, amwimbie mama yake mwenyewe.