Kifo cha Kivuva Siku ya Kusaga Kichaka

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, eneo la Kabati, Kaunti ya Kitui
Jumatano, 18 Septemba 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi

Jina: Munyao Muli. Umri: miaka 74 kwa kitambulisho, mama yangu alikuwa na hesabu yake. Kazi: mkulima na mfugaji wa nyuki. Makao: kijiji cha Kyondoni. Masomo: darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Konstebo Nadifa alitaka kuandika yeye mimi nikisema, lakini nimemwomba kalamu. Mwandiko wangu ni mbaya lakini ni wangu. Ameniambia niandike niliyoyaona na kuyasikia tu, niache hadithi za ng'ombe. Nitajaribu, ila ng'ombe wamo.

Mnamo tarehe 17 Septemba 2024, siku ya Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, nilikuwa katika shamba langu la chini, ekari nne, ambalo limekuwa kichaka tangu mgongo wangu ukatae panga. Nilitaka nipande ndengu mvua ya Oktoba ikifika. Yvonne Mwongeli, msichana wa miaka kama ishirini na sita, alifika kutoka Kathonzweni na trekta ndogo juu ya lori. Mbele ya hiyo trekta palikuwa pamefungwa pipa la chuma lenye meno. Likizunguka, linasaga mti uliosimama mpaka unabaki matandazo. Mimi nimeona kichaka kikimalizwa kwa panga, kwa moto na kwa mbuzi. Kwa pipa, ilikuwa mara ya kwanza.

Nilikuwa pamoja na marehemu, Kivuva Mutua, miaka 76, jirani yangu. Tulitahiriwa siku moja, na tangu hapo hatujawahi kusalimiana bila matusi. Hakuja kusaidia. Alikuja kucheka.

Kivuva alimuuliza Yvonne, "Wewe ndiwe dereva, ama dereva anakuja?"

Yvonne akasema, "Mimi ndiye dereva, mzee. Na wewe ndiwe kichaka?"

Kivuva alicheka mpaka akashika mti. Mimi pia.

Kisha Yvonne akatuambia wazi, bila kuulizwa na mtu: "Wazee, nisiwadanganye. Trekta nimeendesha miaka minne. Hii kitu ya mbele nimefunzwa siku mbili, na kichaka cha kwanza ni hiki chenu. Kwa hivyo tutaenda polepole." Naandika hivi kwa sababu tangu jana watu wanasema alificha kwamba ni mgeni wa hiyo kazi. Hakuficha.

Alizunguka shamba lote kwa miguu pamoja nami, akafunga utepe mwekundu kwa kila jiwe na kila kisiki kikubwa. Mara tatu aliniuliza kama ndani kuna waya, chuma ama mnyororo. Mara mbili nilijibu hakuna. Mara ya tatu Kivuva alikuwa amesimama hapo kando yangu, na nikajibu: "Hapa hakuna chuma ila jino la Kivuva." Ni kweli alikuwa na jino moja la chuma. Tulicheka sote watatu.

Hapo nilidanganya.

Sasa ng'ombe. Mwezi wa Oktoba mwaka jana Kivuva alisema mbele ya watu, sokoni, kwamba ng'ombe wangu wa plau wamekonda mpaka wanalima wakiegemeana. Watu walicheka wiki nzima. Jumapili iliyofuata, yeye akiwa kanisani, niliingia kwake nikachukua mnyororo wake wa plau, nikautundika katika panda ya mti wa mwaa, upande wa chini wa kichaka changu. Kichaka cha lantana kikaufunika. Kivuva aliutafuta, akauombea kanisani, mwishowe akaazima mwingine kwa mashemeji zake Migwani. Kila tukikutana aliniuliza, "Hujaona mnyororo wangu?" Nami namwambia, "Uliza hao unaoimba nao kwaya." Sikuwa mwizi. Nilikuwa nangoja siku ya watu wengi niutoe mbele yao. Arusi ya binti yake ilipita, sikuutoa. Niliona utani bado haujaiva.

Saa tatu kamili Yvonne alianza kazi upande wa juu. Alitusimamisha kando ya barabara, mbali, nyuma ya utepe mwingine aliouvuta hapo. Akasema, "Hii kitu inaweza kurusha jiwe mpaka pale kanisani. Hakuna mtu kupita hapa, hata kama nimesimama, mpaka nizime na nishuke."

Kivuva akauliza, "Na dhambi inarusha?"

"Hizo mtabeba wenyewe, mzee."

Aliendesha pole pole kama alivyosema. Alikuwa anainua lile pipa juu ya mti, analishusha, anarudi nyuma kuangalia. Mara mbili alizima akashuka kuondoa jiwe kwa mkono. Kichaka kilikwisha mbele ya macho yetu, na harufu yake ilikuwa kama ya dawa ya mitishamba.

Saa nne na nusu alizima, akaja kunywa chai. Tulikuwa tumepatana upande wa chini uwe wa kesho. Akasema, "Imeenda vizuri, mzee. Niingie na huku chini leo leo?" Kivuva alikuwa ameshika kikombe, ananitazama. Kama ningesema ngoja, angeuliza kwa nini. Nikasema, "Endelea." Nilifikiri ataanzia karibu na barabara, nami nitajifanya naenda haja, niuteremshe ule mnyororo. Yeye akazunguka, akaanzia chini kabisa, upande wa mto.

Saa tano kasoro dakika kumi nikaona trekta inaelekea mwaa. Ilinipasa nivue shati nipunge. Ilinipasa nipige kelele. Badala yake nilicheka. Sijui kwa nini, ilikuja tu. Nikamwambia Kivuva, "Mnyororo wako uko kwa ule mti."

Aliniangalia. Akasema, "Miezi kumi na moja, Munyao." Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Kisha akapita chini ya utepe na kukimbia. Sikujua bado anaweza kukimbia. Alikuwa anapunga kofia na kupiga kelele, "Ungama! Ungama!" Kwa Kikamba ni kusema simama. Konstebo ameniuliza kama alikimbilia mnyororo ama alikimbilia kumzuia msichana. Mnyororo hauambiwi simama.

Yvonne alimwona. Hilo nililiona mimi kwa macho yangu, na niko tayari kuapa. Trekta ilisimama, na pipa likashushwa hadi chini. Lakini yale meno hayasimami mara moja, na mnyororo ulikuwa umeshaingia. Nilisikia mlio mmoja, kama jiwe juu ya bati. Kivuva alikuwa hatua kama thelathini kutoka kwa mashine. Aliketi chini. Hakuanguka, aliketi, kama mtu amechoka.

Kilikuwa kipande cha mnyororo, pete tatu, kilimwingia chini ya mbavu. Yvonne alizima akaja mbio, akavua koti lake la kazi, akafunga jeraha, akaniambia nishike hapo, nisiachilie. Tulimweka kwenye lori. Yvonne aliendesha, mimi nilishika kichwa cha Kivuva. Watu wanasema marehemu aliongea njiani, akamsamehe fulani, akamlaani fulani. Hakusema neno. Alikata roho saa sita kasorobo, kabla hatujafika Kitui mjini.

Saa nane mchana, tuliporudi, watu walikuwa wamejaa shambani. Walisema msichana amemuua mzee kwa kutojua kazi, na wengine walikuwa na viberiti karibu na trekta. Polisi walikuja wakamchukua. Muindi, mtoto wa marehemu, aliniuliza mbele ya watu wote, "Baba yangu, kiongozi wa kwaya, mtu mzima, alikuwa anakimbilia nini pale?" Nikamjibu, "Sijui." Huo ulikuwa uongo wangu mwingine siku hiyo, na Yvonne aliusikia akiwa ndani ya gari la polisi. Hata yeye hakujua.

Leo nimetembea mpaka hapa asubuhi. Nimepita karibu na mlango wa seli nikasikia Yvonne anakohoa. Konstebo amenisimamisha, akaniambia kwamba ninayoandika yanaweza kutumiwa dhidi yangu, na kwamba naweza kunyamaza. Nimemwambia nimenyamaza miezi kumi na moja.

Yvonne Mwongeli aliuliza mara tatu, nami nikamdanganya mara tatu. Mengine yote alifanya sawa.

Haya ndiyo maelezo yangu, ya kuona, ya kusikia na ya kutenda. Nimeyasoma mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

(Sahihi) Munyao Muli

MAANDISHI YA AFISA: Shahidi ameandika kwa mkono wake mbele yangu. Kwa kuwa amejitaja katika kosa, amepewa onyo kama alivyoeleza, na atachukuliwa maelezo mengine chini ya onyo. Ameomba maelezo haya yasomwe kwa sauti mbele ya Muindi Kivuva, aliyekuwa hapa kituoni kuhusu mwili wa marehemu. Nimeyasoma saa tano na dakika ishirini. Muindi Kivuva amesema familia haina tena lalamiko dhidi ya Yvonne Mwongeli. Yvonne Mwongeli ameachiliwa kwa bondi ya polisi bila malipo saa sita kamili, hadi uchunguzi ukamilike.

Muindi Kivuva ameomba pia iandikwe kwamba Munyao Muli asifike mazishini, wala matangani, wala asikanyage boma lao. Nimemwuliza shahidi kama ana jibu. Amesema: "Andika nimesikia."

Konstebo Nadifa Ugas