Sitara ya Upande wa Kushoto

Mama yangu, uliyeosha wengi na mwisho ukaoshwa na mimi,

Leo arobaini yako inatimia. Nakuandikia adhuhuri, kelele za sufuria zikitoka jikoni, na baada ya khitma ya alasiri nitasimama katika sebule yetu ya Azaiba, hapa Maskati, niisome barua hii mbele ya wanawake wote uliowajua. Wameniomba niseme maneno machache juu yako. Nitasema na wewe, wao wasikilize.

Unaikumbuka siku ya kwanza uliyonichukua kwenda kuosha maiti? Nilikuwa nimerudi masomoni na shahada ya historia ya dini, nikijiona najua yote yahusuyo kifo. Tulipita sokoni Ruwi kununua sanda, ukabishana na muuza vitambaa mpaka akacheka mwenyewe. Kisha, katika chumba cha kuoshea pembeni mwa msikiti, harufu ya kafuri na majani ya mkunazi iliponipanda, nikashika ukuta. Ukanikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa na kusema bila kugeuka, "Ulaya yote umesoma, bibi kizee wa watu kakushinda? Hebu nipe hilo kopo."

Ndipo nilipoujua utaratibu wako. Kulia kwanza, kisha kushoto. Mkono upite chini ya kitambaa, jicho lisione zaidi ya linalohitaji. Na ukishavuka mlango, ulichokiona kimebaki ndani. "Sisi tunasitiri," uliniambia. "Maiti hana mkono wa kujifunika."

Jioni ile nilikusimulia habari za Hel. Najua wapo watakaokunja uso wakisikia jina la mungu wa makafiri katika khitma, nao naomba wavumilie kidogo. Watu wa kaskazini ya mbali, zama za kale, waliamini kwamba Hel alitupwa chini ya ardhi akatawale wafu. Mashujaa waliouawa vitani walikuwa na kasri lao lenye karamu. Hel aliletewa waliobaki: waliokufa kwa maradhi na uzee, wasio na wa kuwasifu. Nusu ya mwili wake ilikuwa nyama iliyo hai, nusu ilikuwa na rangi ya maiti. Sahani yake iliitwa Njaa, kitanda chake Maradhi, na kizingiti cha mlango wake Kuanguka. Hakumkimbiza mtu. Alingoja tu, na lango lake likishafungwa halikufunguka tena.

Ulikuwa unachambua mchele. "Astaghfirullah," ulisema. "Huyo si mungu, mwanangu. Huyo muosha." Ukacheka, kisha ukaacha kucheka. "Na nyumba yenye kizingiti hicho nnaijua. Ipo papa hapa. Tena ina viyoyozi."

Nilidhani ni mzaha. Sikuuliza.

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba maana ya Hel ni sitara: kwamba hata asiye na jina wala wa kumlilia, yupo wa kumpokea; na kwamba uhai na mauti vinakaa katika mwili mmoja, bega kwa bega. Sikukosea. Lakini nilikuwa nimesoma upande mmoja tu.

Kisha kiharusi kikakupiga. Upande wako wa kushoto ukafa, wa kulia ukabaki. Nilipokulisha uji, nusu ya uso wako ilinichekea, na nusu ilinitazama kama ukuta. Nakiri, mama, kuna siku nilitamani kugeuza kiti nisiione. Na adhuhuri moja kama hii ukanikamata kifundo cha mkono kwa mkono wako mzima, ukanieleza habari za Mwanahamisi, uliyemwosha kabla sijarudi masomoni.

Alikuwa msichana wa Tanga, umri alionao mjukuu wako leo, mtumishi wa nyumba ile yenye viyoyozi, nawe ukanitajia ni ipi. Karatasi za kifo zilikuwa zimeshatiwa saini. Ziliandikwa kuwa ni moyo. Ulipomaliza upande wa kulia ukageukia wa kushoto, ukauinua mkono wake, na kwa ndani, juu ya kiwiko, ukaona majeraha matatu yaliyopangana, kila moja lina ncha. Ncha ya pasi. Bibi mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni. "Kateleza hammamuni, maskini," alisema, na wewe hujamuuliza kitu. Ukamimina maji. Ukampaka kafuri, ukamfunga sanda, ukanyamaza kama ulivyofundishwa na mama yako. Ukaambiwa ahsante.

"Nlisitiri," uliniambia kwa nusu ya mdomo. "Nlimsitiri nani, mwanangu?"

Siku nne baadaye nilikuosha. Kulia kwanza, kisha kushoto.

Kisa cha Hel kina sehemu ambayo sikukusimulia jioni ile. Kijana aliyependwa kuliko wote alikufa, na jamaa zake wakatuma mtu kumwomba Hel amrudishe. Akakubali kwa sharti moja: kila kilichopo duniani kimlilie. Mawe yalilia, miti ililia, chuma kililia. Kikongwe mmoja tu, ndani ya pango, alisema hana chozi la kutoa. Kwa kinywa hicho kimoja lango likafungwa. Wanafunzi hupenda kumchukia yule wa pangoni. Na mimi nilimchukia, mpaka nilipojua kwamba ndiye aliyenilea.

Nakupenda, mama, nami nasema mbele za watu kwamba ulikosea. Sitara ilikuwa haki ya Mwanahamisi. Haikuwa haki ya mkono ulioshika pasi.

Huenda nisingesema. Huenda ningelibeba jambo hili kama ulivyolibeba, mpaka nami nipooze upande mmoja. Lakini asubuhi hii majirani wametuletea wasichana wao wa kazi watusaidie jikoni. Mmoja anaitwa Neema, mtu wa Singida. Alikuwa akisugua sufuria ya biriani, akakunja mikono ya gauni, nami nikaona ndani ya mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Alama mbili. Nafasi ya tatu ingali wazi.

"Nini hiki, mwanangu?"

"Niliteleza bafuni, mama." Akaushusha mkono wa gauni. "Si kitu. Nikuoshee na hili sinia?"

"Nani kakufundisha kusema hivyo?"

Akatazama mlangoni. Akalichukua sinia, akalisugua palepale palipokwisha takata. Nilipomuuliza anakaa nyumba ipi, nilikuwa nimeshaijua kabla hajaitaja.

Bibi wa nyumba hiyo hakosi khitma. Nikifika mstari huu atakuwa amekaa miongoni mwetu, kashika kikombe cha kahawa asichokinywa. Sitamtaja, na naomba mtu asigeuze shingo kumtafuta. Neema yuko chumbani mwako, mama, juu ya kitanda chako, pamoja na binti yangu, na mlango umefungwa kwa ndani. Nilimuuliza kama yuko tayari kuuonyesha mkono wake. Alilia kwanza, kisha akasema ndiyo. Polisi nimeshawapigia simu. Watasikia habari za wasichana wawili: mmoja ataeleza kwa ulimi wake, wa pili kwa ulimi wako ulionikabidhi.

Wanawake hawa wameniomba nilichukue kopo lako, niwe muosha wao. Nakubali, na wanisikie vizuri. Kila aibu ya maiti nitaifunika. Dhuluma sitaivika sanda.

Ukimkuta Mwanahamisi huko uliko, mwambie tulichelewa. Usimpe udhuru, si wako wala wangu.

Nadhani lango letu litagongwa kabla sijamaliza kusoma. Likigongwa, mtu asinyanyuke. Nitakwenda kulifungua mwenyewe.

Pumzika, mama. Upande wa kulia uliuosha wewe. Wa kushoto niachie.

Mwanao, muosha.