Jino la Mbele na Kanda ya Masasi

Jumatatu, 4 Oktoba 1993
Damu tena kwenye mswaki. Na dawa ya meno ni mpya, ya mistari mitatu, imetoka Dubai. Siku hizi duka la Alfani lina kila kitu isipokuwa maji. Enzi za foleni, dukani hakuna kitu, tulisugua mkaa na hatukutoka damu. Au tulitoka, hatukuwa na kioo. Basi nimeamua: mahali panapotoka damu sipagusi tena. Busara iliyoje! Na kikombe kizima cha maji nimeokoa.

Habari ya maana — kwaya yetu inakwenda Masasi kurekodi kanda! Bwana mmoja, Majaliwa, kafungua studio yake binafsi. Solo ni mimi. Agnes, Mama Reginald, kaambiwa aitikie na wenzake. Kanipongeza kwa uso wa mtu aliyemeza kwinini.

Alhamisi, 7 Oktoba
Jino la mbele linacheza! Nimelisukuma kwa ulimi, likakubali. Nikiimba "Msifuni", hewa inapita pembeni — filimbi ya refa. Kanda itauzwa mpaka Mtwara, watu watadhani ni mpira.

Mume wangu Anselmo kachungulia kinywani kama anakagua tairi. Mdudu, kasema. Kwao Kitangari mdudu wa jino anauawa kwa mafuta ya ganda la korosho, yale yale yanayobabua mikono ya wabanguaji. Kwao korosho inatibu kila kitu ila ubishi. Kachovya pamba, kaniwekea. Nimeona nyota mchana.

Jumapili, 10 Oktoba
Damu imekoma! Ufizi mweupe, hausikii kitu. Baada ya ibada nimewatangazia akina mama wote dawa ya mume wangu, kwa majigambo. Agnes kasikiliza, mkono mdomoni. Wivu tu.

Jumanne, 12 Oktoba
Mdomo umevimba, umefika mlangoni kabla yangu. Nimekwenda hospitali kwa Twahiru, daktari wa meno, kijana mpole. Kaniamkia shikamoo, kisha kanisulubu.

Kwanza: sijapona, nimeungua. Pili: hakuna mdudu mmoja anayekaa ndani ya jino kama mpangaji. Ni vijidudu maelfu, wanaishi kwenye ukoga, ule utando unaonata pale ufizi unapokutana na jino. Nisiposugua, wanazaana. Mwili ukiwaona unapeleka askari wake, damu inajaa, ufizi unavimba. Ndiyo maana natoka damu. Na ukoga ukikaa sana unakuwa jiwe, vita haviishi, na askari katika kupigana wanabomoa hata mfupa unaoshika jino.

Yaani kama mgambo walioitwa kukamata mwizi wakaangusha nyumba. Nimeuliza nani kawaita hao askari. Kanitazama kwa huruma.

"Mama, pale panapotoka damu ndipo ulipotakiwa kupiga mswaki zaidi."

Nikajiona mjinga. Mjinga hasa. Kakwangua lile jiwe mpaka nikawakumbuka marehemu wote wa ukoo. Mfupa uliokwisha haurudi, kasema, ila jino laweza kubaki nikilitunza. Na mafuta ya korosho nisimwekee hata adui.

Ijumaa, 15 Oktoba
Nasugua palepale panapouma, asubuhi na jioni, kwa maji nusu kikombe. Beseni kama machinjioni. Anselmo anasema daktari ananimaliza. Kanuna, dawa ya ukoo imekataliwa.

Nimetafuta chupa yake ya mafuta, ile ya kizibo cha gunzi, niitupe chooni, haipo. Kamgawia mtu wa kwaya mwenye shida. Nani? Eti siri ya mgonjwa. Daktari mzima!

Jumatano, 20 Oktoba
Leo damu kidogo sana. Jino halijapona, limeshika adabu tu. Naogopa Jumamosi, siku ya kurekodi. Naogopa kweli.

Jumamosi, 23 Oktoba, Masasi
Studio ni chumba kimoja, magodoro ukutani. Majaliwa katujaribu kwenye kipaza sauti. Filimbi imesikika! Ndogo, lakini mashine yake haina aibu, imeirudia mbele ya wote. Kasema tupumzike kidogo, nijaribu mara moja tu zaidi. Nikishindwa, solo aimbe Mama Reginald.

Nikatoka nje, nimekaa benchini na daftari hili. Agnes alikuwa kwenye pipa la maji, anasukutua. Katema — nyekundu. Kumbe ule mkono mdomoni haukuwa wivu.

Kaja kukaa karibu nami. Kafungua mkoba, katoa pamba na chupa yenye kizibo cha gunzi. Chupa ya Anselmo! Kaitunza wiki nzima, kasema, alikuwa anaogopa. Leo damu imezidi, hawezi kuimba hivi.

"Mama Upendo, niweke sasa au baada ya kuimba? Maana wewe ilikuponya."

Akiweka sasa, ataona nyota kama mimi, mdomo hautafunguka kuimba. Solo itabaki yangu, filimbi na yote. Wala sitakuwa nimefanya kitu. Nitakuwa nimenyamaza tu, na mimi nikinyamaza kila mtu hushukuru.

Nimemwambia angoje nimalize kuandika. Anadhani ni maneno ya wimbo. Pamba kashachovya, kaishika kwa vidole viwili, ananitazama mimi.

Majaliwa ananiita ndani.

Mstari nimeumaliza, sasa sina budi kumjibu.