Aliyenifundisha Sindano Nyuma ya Ukuta

Mjukuu wangu Nafula,

Huku Naitiri tu wazima, na yule ng'ombe wako amezaa. Umeniuliza ni nani alinifundisha kujidunga insulini enzi za mkoloni. Ni baba mkwe wangu, aliyekuwa dresa, mfunga vidonda, hospitalini Kitale.

Mila yetu ilimkataza kunigusa, hata kuingia nyumbani kwangu. Basi kila asubuhi alisimama nje ya ukuta wa udongo, akanielekeza kwa sauti: vuta dawa, finya paja, sasa choma.

Siku ya kwanza nilimuuliza kama itauma.

"Ni kama siafu mmoja tu, mwanangu," akasema.

Nikachoma. Ilikuwa hivyo kabisa.

Alipokufa, mama mkwe aliniambia: kule nje, kila nilipojichoma, mzee naye alijichoma pajani kwa sindano tupu, asije akanidanganya kuhusu uchungu wake.

Nyanya yako,
Nasimiyu