Kitabu Tulichokitoa Jenezani

Mdogo wangu Paraska,

Huku milimani viazi tumeshavuna, kabichi imetiwa chumvi pipani, na magoti yangu bado yananibeba.

Mama tumemzika vizuri. Melania wangu alikuja kutoka Praga, kwenye maktaba anakotunza vitabu vya Waslavi wote. Anasoma lugha kumi na moja, Paraska! Maprofesa wanamsubiri mlangoni kama mimi ninavyomsubiri daktari. Jirani Ksenia akasema msibani, "Lugha kumi na moja, na mume hata mmoja!" Melania akamjibu, "Shangazi, wako anajua moja tu, na bado hakusikii." Tulicheka na machozi yetu.

Sasa usinikasirikie. Kwetu mtu huzikwa na kitabu chake cha sala, na Mama alikiomba kwa kinywa chake. Kilikuwa tayari jenezani; Melania akakitoa, akakifungua, akaniambia, "Mama, nyimbo hizi aliziandika bibi yake marehemu kwa mkono. Hazimo katika kitabu kingine chochote. Tukizifukia, zimekwisha." Nilikataa. Basi akakaa mezani siku mbili, akanakili kila ukurasa kwa zile herufi za zamani ambazo mimi na wewe shuleni hatukufundishwa. Nakala ndiyo iliyolala kifuani pa Mama.

Ukurasa wa mwisho Mama aliuandika mwenyewe kwa herufi hizohizo, mwaka ule wewe ulipoondoka bila kuaga: "Paraska nimemsamehe. Mlango wake haufungwi."

Ningelifukia neno hilo kwa mikono yangu. Lakini nimezaa msomaji, dada. Njoo akusomee.

Mimi dada yako Hafia,
mama yake Melania wa maktaba