Kifungu cha Sita na Ndege wa Mei

Jumatatu, 14 Aprili
Nimepima mbolea tangu asubuhi, mizani inakwama kama kawaida yake. Saa nane kikao. Meneja kachelewa saa nzima, kisha kapokea simu mbili mbele yetu. Huu ndio mkataba wetu wa kwanza wa hali bora tangu tufungue tawi la chama cha wafanyakazi hapa shambani. Vifungu vitano vimepita. Cha sita hataki hata kukisoma: kibarua akiumia kazini, shamba limtibu. Eti vibarua ni wapita njia. Mwenyekiti wetu, Mzee Lihoha, akakohoa tu. Nimekasirika hadi kichwa kinauma.

Alhamisi, 24 Aprili
Bi Konsolata kaja mizanini kuuliza. Anaamia ndege wa shamba hili, kuwafukuza mpungani, msimu wa tisa sasa, kibarua. Mwaka jana alikanyaga chuma cha mashine ya kuvunia kilichozama matopeni. Akapewa pole na siku mbili za kupumzika. Anachechemea mpaka leo. Kila akiuliza kifungu cha sita kimefika wapi, namjibu, "Kinaendelea, mama." Uongo mtupu.

Jumanne, 29 Aprili
Meneja kalegea ghafla. Wanachama wakikutana, zaidi ya nusu wakakipitisha, atasaini. Akataja Jumamosi, tarehe tatu. Nikadakia: sawa! Mimi katibu, kabla mwenyekiti hajafungua mdomo. Nimerudi nyumbani naimba.

Jumamosi, 3 Mei
Mjinga mimi. Mpunga unatia maziwa, ndege wameshuka, na kila mwanachama ana shamba la familia huko bondeni. Jumamosi ya Mei nani anabaki nyumbani? Wako juu ya madungu yao ya kulindia mpunga, wanapiga makopo. Mimi mtoto wa kijiji cha Mchombe, nimelelewa dunguni, nikasahau. Meneja hakusahau. Tuko mia na kidogo, wamekuja kumi na wanne. Alisimama dirishani akituhesabu.

Mzee Lihoha anasema tusaini vile vitano, tushike kilichopo. Nimemjibu vibaya. Nikaondoka bila kumuaga.

Jumapili, 4 Mei
Misa ya kwanza, kisha bondeni na daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Watu wasipokifuata kifungu, kifungu kiwafuate. Bi Konsolata alinikuta njiani. "Madungu ya watu utayajulia wapi, wewe mtu wa mizani?" Akatangulia, na mguu ule ule. Maji ya magoti.

Wengine walinifokea kutoka juu: vibarua wanatuhusu nini? Wakimwona aliyesimama mbele yangu, wanashuka, wanasaini. Tumemalizia kwa Mzee Lihoha. Nilimpa shikamoo, nikaomba radhi. Akasaini huku anavuta kamba ya makopo. Saini zimepita nusu.

Miguu inawaka moto. Sitaki kufikiria mguu wa mwenzangu.

Jumatano, 7 Mei
Meneja: saini si mkutano. Nilitaka kurusha kiti. Mzee Lihoha akavua miwani, akasema kwa upole kwamba basi tutakutana siku ya kazi, saa za kazi, watu wote, mashine zizimwe. Na mavuno haya hapa. Meneja akakubali, ila kwa sharti: majeraha ya kuanzia siku ya kusaini tu. Tulibishana hadi saa kumi na moja. Hakutikisika. Tukakubali. Nami nilinyoosha mkono. Naona aibu kuandika.

Ijumaa, 16 Mei
Tumesaini asubuhi. Mvua nyepesi.

Mchana nilipeleka nakala kule mwisho wa shamba. Nikamsomea Bi Konsolata kifungu cha sita mara mbili, polepole.

"Mguu wangu haumo?"

Nikasema haumo.

Ndege wakatua, hakuwafukuza. Kisha akaniomba nimwonyeshe mistari yenyewe, akapitisha kidole juu yake.

"Nenda kamsomee na binti yangu, yuko dungu la tatu. Kaanza msimu huu."

Nikaenda. Nyuma yangu nikasikia kopo lake limeanza tena.