Grisi Mpya Ndani ya Laptopu Yako

Mke wangu mpenzi,

Huku hatujambo. Mama anakusalimu, na mwanao ameota jino la pili.

Laptopu yako imefika. Ulisema inachemka kwa kuwa haijafunguliwa tangu nilipoisafisha mimi kabla hujasafiri. Basi nimeifungua, brashi mkononi. Feni haina vumbi hata chembe! Na ile grisi ya kupozea prosesa bado mbichi, imepakwa nene kama siagi kwenye mkate, hata joto halipati pa kutokea. Ndiyo maana inachemka. Mimi hupaka tone moja tu, unanijua.

Usiniambie ni fundi. Fundi yeyote hubania grisi yake. Huyo ni mtu anayehangaika kukufurahisha. Jina lake sitaki kulijua.

Grisi yake nimeifuta yote, nikapaka yangu.

Mumeo,
fundi wako